Baba Yuko Nyuma ya Joho

Jumatatu, 7 Machi 1983

Mwanangu Yadira kaamka alfajiri na jino la tatu. Nimeamka naye. Tito kaondoka na gari la mikate kabla vita havijaanza, ana bahati mume wangu.

Nakala za kurasa za kwanza za kitabu changu cha katuni zimerudi kutoka ofisini kwa wachapishaji. Bahasha nimeifungua kwa meno, mtoto akiwa mkono mmoja. Ukurasa wa tatu: umati barabarani, shujaa wetu, Mwewe wa Shaba, anashuka kutoka juu, joho limetanda. Kushoto, mlangoni mwa hoteli, nilimchora Baba na kofia yake ya bawabu. Hayupo! Pale aliposimama pana weusi mtupu. Mpiga wino kamfuta.

Mimi nachora kwa penseli, kisha Mzee Sol Pinsker wa Brooklyn anapitisha wino juu ya mistari yangu. Ndivyo kazi hii ilivyo. Kisichopigwa wino hakikuwahi kuwapo.

Baba alifungua mlango wa hoteli ya matajiri miaka thelathini na moja. Anasema hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Tarehe 26 anarudi kwao kisiwani, Ponce, kwa dada yake, moja kwa moja. Keshawatangazia wote pale kwa kinyozi kwamba yumo katika kitabu cha bintiye. Kitabu chenyewe hakitauzwa kabla ya Julai, lakini ameahidi kuondoka na nakala ya ukurasa wake mkononi.

Siku kumi na tisa. Zinatosha. Nina mpango.

Jumatano, 9 Machi

Mpango ni kumkuza. Ukurasa wa saba nimemfanya muuza soseji, mbele kabisa, bega kwa bega na Mwewe. Tumbo, masharubu, mkokoteni, kila kitu. Mtu mkubwa hivyo hafutiki. Tarishi wa ofisi kachukua kurasa saa nne. Nimefua nepi nikiimba.

Ijumaa, 11 Machi

Kafutika. Joho la Mwewe limerefushwa likamfunika mzee mzima na mkokoteni wake. Imebaki soseji moja, inaelea hewani.

Joho lenyewe zuri mno, lazima niseme. Mikunjo yake inatiririka kama maji. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 12 Machi

Nimempeleka Yadira kwa babu yake pale kwa kinyozi, wanapocheza dhumna. Mzee Chago alikuwa akinisubiri. Huyo na Baba wanashindana tangu walipokuwa wavulana, sidhani wanakumbuka wanashindania nini. Akasema kanunua miwani mipya makusudi, apate kumtafuta Eliseo kitabuni. Kisha akagonga kete mezani.

"Eliseo, binti yako anachora watu wanaoruka. Wewe hata kutembea humo hutembei."

Wakacheka wote. Baba akacheka nao, akashusha kofia kidogo. Akasema niachwe nifanye kazi, mafundi hawaharakishwi. Fundi! Mimi ambaye jana niliweka penseli kwenye jokofu na maziwa kwenye droo.

Nikamwambia Chago, kwa adabu zote, aifute vizuri hiyo miwani akae tayari. Ulimi wangu huu.

Jumatatu, 14 Machi

Njia ya kistaarabu. Pambizoni mwa ukurasa tunaandikiana kwa penseli ya buluu, maana mashine ya kuchapia haiioni. Wiki iliyopita niliandika kwenye ukurasa wa kumi na moja: Mzee mwenye kofia asifutwe, tafadhali. Leo ukurasa wenyewe, si nakala, umenirudia nirekebishe jengo. Pambizoni, kwa mwandiko safi wa buluu, kuna jibu. Mzee gani?

Mzee gani! Kamgeuza bomba la zimamoto. Kofia kaiacha.

Jumatano, 16 Machi

Nimekumbuka: mkono mtupu haulambwi. Vita vyote hivi, na sijampa yule mzee hata kikombe cha chai. Mtoto alipolala nimeoka maandazi ya jamu ya mapera, kama ya marehemu Mama. Nane nimeyafunga vizuri, nikayatia katika bahasha moja na kurasa za kumi na mbili hadi kumi na tano. Tarishi kasema bahasha inanukia vizuri. Naam, ushindi nao hunukia.

Alhamisi, 17 Machi

Gwen Haskell, mhariri, kapiga simu. Siagi imelowesha kurasa zote nne. Wino hausimami juu ya mafuta, unajikusanya matone kama maji juu ya jani la mgomba. Nichore zote upya, zifike Jumatatu. Akaongeza, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba nikichelewa tena Mwewe atapewa kijana mmoja wa Jersey, asiye na mtoto, wala jamaa, wala jiko.

Miaka sita nilibeba michoro mlango hadi mlango. Miaka sita nikiambiwa mwanamke achore mapenzi, ngumi awaachie wanaume. Nikampata Mwewe. Na sasa nimpoteze kwa maandazi!

Nimeapa. Hakuna mpango tena.

Maandazi yaliyobaki nimeyala yote, nimesimama.

Jumapili, 20 Machi

Kurasa nne zimekwisha. Nyingi nimezichora Yadira akiwa kifuani amelala, nikipumulia pembeni nisimwamshe. Baba hayumo hata katika mmoja. Nimetii.

Mchana kaja na sufuria ya wali wa mbaazi. Wakati nikipakua alisimama mezani, akazitazama kurasa polepole, kona hadi kona, kama mtu anayetafuta funguo. Kaosha vyombo, hata visivyokuwa vichafu.

Jumatatu, 21 Machi

Sikuweza. Kurasa nimempa tarishi, kisha nimefunga safari ya Brooklyn. Treni mbili, mtoto kifuani, hotuba kichwani. Nilikusudia kumwambia mzee yule kwamba brashi yake haina heshima.

Kafungua mlango. Kizee kidogo, sweta limetoboka viwiko. Nikajitambulisha. Akaniuliza kama nimeleta siagi nyingine.

Hotuba nikaianza vizuri. Katikati nikauona mkono. Unatetemeka kama majani. Akichora joho anaegemeza kiwiko, anavuta pumzi, mkono mzima unateleza kutoka begani, na mstari unatoka safi. Lakini uso mdogo kama punje ya maharage hauwezi tena. Basi nyuso zote ndogo anazitia gizani. Miaka arobaini na nne ya wino! Ofisini hawajui. Wakijua, watampa kazi yake mwingine.

"Sikumfuta baba yako kwa dharau, binti," akasema. "Nilimficha mahali ambapo sitamharibu."

Yadira akakidaka kile kidole kinachotetemeka. Wakatetemeka wote wawili, mtoto akicheka, kadhani mzee anacheza naye. Mzee akamwachia kidole.

Nikatumia sauti ile ninayotumia uji ukikataliwa.

"Mzee Pinsker, sikia. Nyuso ndogo nitazipiga wino mimi. Majoho na giza ni yako. Na Gwen haambiwi."

Akasema sijui kupiga wino. Nikasema ni kweli. Akanifundisha mpaka saa tisa, na hakunisifu hata mara moja.

Huu si mpango. Ni makubaliano.

Jumatano, 23 Machi

Ukurasa wa kumi na saba. Baba yumo. Pua nimeikosea mara mbili, nikaipaka rangi nyeupe, nikaanza tena. Kasimama mlangoni mwa hoteli, anamfungulia Mwewe wa Shaba mlango. Joho la Sol limejaa nyuma yao kama wingu la mvua. Na Mwewe kabla ya kupita kasimama. Anamtazama Baba usoni.

Hilo halikuwa katika maagizo ya mwandishi. Mwandishi alitaka Mwewe apasue dirisha.

Ijumaa, 25 Machi

Gwen kapiga simu. Nikajua yamekwisha, keshauona wino wa mikono miwili. La! Kaupenda uso wa bawabu. Mwandishi naye kaupenda, dirisha kalisahau. Wanasema uso kama ule haukosi siri. Toleo lijalo bawabu atagundulika kuwa ndiye mkuu wa majambazi wote wa jiji, na mwisho ataanguka kutoka ghorofa ya sitini.

Nikamtetea. Nikasema huyo ni mtu mwema kabisa. Gwen akaniuliza nimejuaje.

Nakala kaileta tarishi jioni.

Jumamosi, 26 Machi

Uwanja wa ndege. Baba kavaa suti aliyoivaa harusini kwangu. Nikampa ukurasa wa kumi na saba. Akaushika mbali, akauleta karibu, akaupeleka mbali tena. Chago alikuja na miwani yake. Akautazama muda mrefu, akasema masharubu yamepunguzwa. Kwa Chago, huko ni kusalimu amri.

Nikaona nisimfiche Baba. Nikamweleza kwamba toleo lijalo ni jambazi, na anakufa. Akauliza anaanguka kutoka ghorofa ya ngapi. Nikasema sitini. Akafurahi sana. Hotelini miaka yote ile hakuwahi kupanda zaidi ya ya pili.

Kisha akalamba kidole, akanifuta wino shavuni, mbele ya watu wote, kama nina miaka mitano.

"Usilie, mama," akasema. "Wafu wa vitabu vyako wote hurudi. Mimi nakwenda Ponce tu."

Nikalia hivyo hivyo. Chago naye. Kasingizia miwani.

Kwenye treni nimeapa tena, safari hii mbele ya Tito. Basi. Kazi ni kazi, jamaa ni jamaa. Tito kanitazama tu.

Jumatatu, 28 Machi

Ukurasa wa kwanza wa toleo jipya, unatakiwa kesho asubuhi. Maagizo: Mwewe wa Shaba peke yake, ameujaza ukurasa mzima.

Asubuhi tarishi alileta karatasi kutoka kwa Sol, kwa penseli ya buluu. Kasema marehemu mkewe, Pearl, alipenda kukaa dirishani jioni. Nywele fupi, kikombe mkononi. Kama nafasi ipo. Kama haipo, nisijali.

Nafasi ipo. Nimemweka ghorofa ya tatu. Kisha Chago kapiga simu, anataka awepo na miwani ionekane. Nimemweka chini, karibu na kinyozi, maana Chago bila kinyozi hapendezi. Mama na kikapu chake, anavuka barabara. Tito hakuomba, lakini kona ilidai gari la mikate. Yadira yuko begani kwa Baba, meno matatu yote yanaonekana. Nyuso kumi na tisa, zote nitazipiga wino mimi kabla ya kesho. Umati haujapata kuwa mzuri hivi.

Nimegundua sasa hivi kwamba nimemsahau Mwewe. Nimembana pale juu ya paa, kulia, mkubwa kama nzi. Sol akiona panabana, amfute huyo.