Nilivyowatetea Wachimba Mtaro wa Rusumo

Leo nimeaibika nchi ya watu, na nyumbani bado sijafika. Nipo Kasulo nasubiri gari la Biharamulo. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Duka letu mnalijua. Tangu babu aje kutoka Tanga, sisi ni watu wa kupima kilo moja moja. Mwaka huu nikapata wazo kubwa (mawazo yangu makubwa mama huyaogopa): kuuza mchele Rwanda. Wakulima wa Nyabusozi wakaniamini, na magunia yao sasa yamejaa stoo mpaka mama anapita kwa ubavu kwenda kuchukua chumvi. Kwa simu nikampata mnunuzi, Mama Aline, mwenye duka la jumla ng'ambo ya daraja la Rusumo. Kiswahili chake kizuri maana alisoma Ngara. Akaniambia nimpelekee sampuli leo Jumamosi, mchana.

Neno hilo la mchana alilirudia. Mimi nikajiambia mtu wa kazi hafiki mchana. Nikavaa suti ya shemeji (mabega ya kwake, mwili wa kwangu) na asubuhi nikavuka daraja kwa miguu.

Mpakani ofisa mmoja akaangalia mifuko yangu ya plastiki yenye mchele, akanieleza kwa upole kwamba plastiki kwao haiingii. Nilikuwa na kitenge kipya, zawadi ya kumpa Mama Aline. Nikamwaga mchele humo, mrefu na mfupi ukachanganyika, nikafunga fundo. Nikaendelea na safari nikifanana na mtu aliyefukuzwa kwake.

Nikapanda hadi kwenye maduka. Yote yamefungwa. Hakuna redio, hakuna bodaboda, hakuna hata muuza maandazi. Simu ya Mama Aline ikaita mpaka ikakata. Nikasimama katikati ya barabara nikijiuliza kama nchi imehama usiku na mimi sikuambiwa.

Halafu nikasikia majembe.

Nyuma ya maduka kulikuwa na umati unachimba mtaro, wanaume kwa wanawake. Pembeni alisimama mama mmoja mnene mwenye kofia pana, ananyoosha kidole: hapa chimbeni, pale ongezeni. Nilimtambua kwa picha ya kwenye simu. Mama Aline!

Karibu yangu alikuwepo mzee mmoja na sepetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Kumbe aliwahi kuendesha malori mpaka Dar es Salaam. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama yule mama ndiye anayesimamia. Akasema ndiye, upande huu wote ni wake. Nikamuuliza anawalipaje.

Akacheka. "Hatulipwi, mwanangu."

"Hamlipwi leo?"

"Hatujawahi."

Nikaona labda sijamsikia vizuri. Nikamuuliza, je, mtu akiamua kubaki nyumbani kwake? Akasema atatozwa faini. Na maduka? Akasema lazima yafungwe mpaka kazi iishe. Alinijibu hayo yote huku akichimba kwa raha, kama mtu anayesimulia harusi.

Ndugu zangu, kichwa kiligoma. Mama mmoja anafunga maduka ya wenzake, anachimbisha mji mzima bila malipo, na anayekataa ndiye anayelipa! Nikajaribu kupiga hesabu ya biashara ya namna hiyo, ikanishinda. Kwenye simu alikuwa na sauti ya upole kabisa.

Kabla sijaamua kukimbia, akaniona. Akanipungia mkono kwa furaha, kisha akaonyesha sepetu lililolala chini. Mimi? Ndiyo, mimi. Nikalishika. (Ningefanyaje? Labda kwao muuzaji hupimwa hivyo kwanza.) Nikachimba na suti ya watu. Mshono wa kwapa la kulia ukaachia mapema, wa kushoto ukavumilia kidogo.

Nilipokuwa nachimba nikawafikiria wakulima wa Nyabusozi. Mtu asiyewalipa majirani zake atanilipa mimi, mgeni niliyetoka ng'ambo? Niwaambie nini wale wazee? Hofu ikaanza kugeuka hasira. Nikawaangalia wale wanawake wenye migongo iliyopinda, na yule mzee wa malori, nikaona lazima mtu aseme. Na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, nikaona mtu huyo ni mimi.

Kazi ikaisha, watu wakakaa kwenye majani. Bwana mmoja, kiongozi wao, akazungumza, kisha akaomba mgeni ajitambulishe. Mama Aline akasimama kando yangu kutafsiri.

Nikaanza vizuri. Jina, Biharamulo, mchele. Akatafsiri, watu wakapiga makofi. Nikaendelea.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini mchele wangu sikuuzii mpaka uwalipe watu hawa."

Alikuwa ameshazoea kutafsiri, mdomo ukaenda wenyewe. Alipofika mwisho wa sentensi ndipo akanigeukia. Watu wote wakanikodolea macho. Nikajua nimewagusa, nikaongeza kwamba na zile faini awarudishie. Hiyo hakuitafsiri. Akaitafsiri yule mzee, tena kwa sauti.

Kicheko kilichotoka pale kimefika Ngara mjini, nina hakika. Mwanamke mmoja alilala chali kwenye majani. Jamaa mwingine akanyoosha mkono, akasema yeye anadai tangu alipooa. Kiongozi alifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Alipopata pumzi akanieleza, yule mzee akitafsiri. Wanaita umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi nchi nzima inafanya kazi za pamoja, wakubwa kwa wadogo, na mtaro ule ulikuwa wa maji ya mvua yanayoingia nyumbani kwao wenyewe. Mama Aline alichaguliwa tu kusimamia mtaa wake. Ndiyo maana aliniambia nije mchana.

Sasa kwetu si kuna Jumamosi ya usafi? Ipo. Ila kwetu unafunga mlango wa mbele unauzia wa nyuma, kwa hiyo sikuifananisha hata kidogo.

Mama Aline alifungua duka, akapokea kitenge na mchele wake, akajaribu kuzungumza bei. Alishindwa. Kila akinitazama kwapani anaanza kucheka upya. Mwishoni akasema nilete gari moja la kujaribu, mchele mrefu mbali, mfupi mbali, kwa sababu mtu aliyemgombeza mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya watu asiowajua hataweza kumwibia kwenye mizani. Nilishukuru. Bado sijui kama nilisifiwa.

Kurudi mpakani, yule ofisa wa plastiki akagonga mhuri taratibu, akaniuliza kama mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi.

Kwa hiyo nawaomba, msinicheke. Kuchimba nimechimba bure, kuchekwa bure sikubali.