Bima ya Baba Mkwe

Hadija na Kabula, wenzangu, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya stesheni nzima ya Tabora, mchana kweupe, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawaandikia kutoka Bukene. (Ndiyo, Bukene! Nilitoka nyumbani Cheyo nikijua nitawahi kipindi cha tatu.) Mmoja wenu anishikie darasa la nne, tafadhali, halafu mnisikilize.

Mnamjua baba mkwe wangu, Mzee Maganga, aliyehamia kijiji cha ujamaa kule upande wa Isikizya. Juzi ilikuja barua kwamba dada yake, aliyeolewa Mwanza, anaumwa sana na anamtaja yeye tu. Hawajaonana miaka mingi. Mzee hajawahi kupanda treni maishani mwake. Mume wangu yuko kozini Morogoro, kwa hiyo safari yote ikaniangukia mimi. Nikakata tiketi. Kisha nikajiambia, mwalimu mzima, nitamwachaje mzee wa watu aende hivi hivi bila bima?

Jana nikaenda ofisi ya bima. Karani, mama mmoja mpole, akanieleza kwamba ziko aina tatu. Ya kwanza ni ya mizigo tu. Ya pili inaongeza matibabu msafiri akiumia. Ya tatu ina hayo yote, na akifariki njiani, ndugu wanalipwa.

"Nipe ya tatu," nikasema. (Kwa upendo, jamani! Nilitaka iliyo bora.)

"Wa kulipwa tumwandike nani, ndugu mwalimu? Awe mtu mwenye anwani hapa mjini."

Mwenye anwani mjini ni mimi. Nikataja jina langu, nikatia sahihi, nikatoka nimeinua kichwa.

Leo asubuhi ukoo mzima ukaja stesheni kumsindikiza: mama mkwe, wifi yangu Nyamizi, na majirani wa kutosha kujaza behewa. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ameshika kapu la matobolwa, vile viazi vikavu anavyovipenda dada yake. Treni ikachelewa. Laiti ingekuja kwa wakati!

Nikatoa ile karatasi nimkabidhi. Nyamizi akauliza imeandikwa nini. Ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nikaona hii ndiyo kazi yangu. Nikasimama wima, nikaanza kutafsiri kwa ile sauti ya kuwafikia wa dawati la nyuma. Watu wakasogea. Hata wachukuzi wakatua mizigo wasikilize.

"Mzigo ukipotea, msafiri atalipwa." Wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Msafiri akivunjika mguu, atatibiwa." Mama mkwe akanishukuru.

"Msafiri akifa, atalipwa..."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Jicho likatua kwenye jina langu, na mdomo ukalisoma lote, la ubatizo na la ukoo.

Mnaijua kelele ya stesheni ile? Basi nilimsikia kuku akikwaruza ndani ya tenga.

"Hebu rudia," Nyamizi akasema. "Baba akifa, nani analipwa?"

"Wifi, sivyo unavyofikiri."

Mzee mwenyewe akauliza, polepole, "Karatasi hii uliichagua wewe?"

"Ndiyo, baba. Zilikuwa tatu. Nikachukua ile kubwa."

(Ile kubwa! Nani aliniuliza ukubwa?)

Mama mmoja nisiyemjua akapiga makofi, "Mawe! Mama wee, dunia imekwisha!" Wengine wakacheka. Mzee hakucheka. Akaketi juu ya sanduku lake. "Sipandi."

Treni ikaingia. Watu wakapanda, wakaketi, wakachungulia madirishani kutuona. Nikapiga magoti palepale kwenye makaa na maganda ya karanga. "Baba, shangazi anakungoja. Ukikosa treni hii huenda usimkute."

Akainuka juu ya sanduku. "Nitapanda," akasema, "ikiwa aliyeandikwa humo naye atapanda."

Nikapanda. Sina tiketi, sina kanga ya kubadili, vidole vina chaki ya jana. Daraja la tatu lilikuwa limejaa, ikabaki nafasi moja tu, kwenye benchi la mzee. Mnajua sisi mke wa mtoto hakai bega kwa bega na baba mkwe. Leo nimekaa, magoti yamebanwa na kapu, nikitazama sakafu kama mwizi. Mkagua tiketi alipofika, mzee akamwambia, "Huyu ni mwanangu. Ananisindikiza kidogo." Sijui mkagua alimwonea huruma nani kati yetu, lakini alinikatia tiketi ya kuishia Bukene bila maneno mengi.

Tulipovuka mashamba ya mwisho ya mji, mzee akaanza kuzungumza. Miaka tisa nimeolewa kwake, hatujawahi kuongea zaidi ya shikamoo na marahaba.

Alisema baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Mjerumani. Karani alikaa barabarani, ile njia ya zamani ya misafara, ana daftari. Kila aliyeandikwa jina aliondoka. "Mimi na dada yangu tulikwenda pale barabarani kila siku kumngoja. Yeye alikuwa mdogo, nikimbeba mgongoni. Hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Leo nikasikia nami nimeandikwa, na kufa kwangu kumeandikwa."

Nilishindwa kujizuia, nikalia. Nikamwambia, "Baba, nimekosa. Sikukuuliza. Lakini karatasi hii ni tofauti na daftari lile. Likitokea lolote, wenye karatasi hii lazima watafute, na lazima waje watuambie."

Akafikiri mpaka tukapita stesheni mbili.

"Lazima?"

"Lazima, baba."

"Basi iache. Ila ukirudi, umwandike mama mkweo. Na Nyamizi mweleze, maana yule hatalala."

Hapa Bukene akanishusha, akasema wanafunzi wananingoja. Dirishani aliniaga kwa kunipungia mkono, akiwa amekwisha kupata rafiki wa kula naye karanga. Yuko salama, na shangazi atamwona ndugu yake, Mungu akipenda.

Mimi treni ya kurudi ni kesho. Nimepokewa na familia ya mchungaji, na barua hii naituma kwa gari la mizigo. Mkitaka kucheka, chekeni, ila mjue hivi: katika abiria wote wa leo, aliyepatwa na ajali ni mmoja tu, na ndiye ambaye hakujikatia bima.