Dokta Tone na Madini ya Kiduchu

Kama bahari ingekuwa na daktari wake binafsi, basi angekuwa Dokta Tone! Hayo si maneno ya majirani, wala ya mkewe. Ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kila alipompata mgeni aliyekaa mbali na mlango.

Udaktari wenyewe ulikuwa wa kujipachika. Kazi yake ilikuwa mfamasia. Mchana alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, miwani imeshuka puani, akiwasomea wagonjwa sheria.

"Bibi, nimesema kijiko kimoja. Kimoja! Ukinywa viwili hutapona mara mbili. Utaharisha mara mbili!"

Bibi anaitikia kwa kichwa, anaondoka na chupa yake, na Dokta Tone anabaki akinung'unika kwamba binadamu hawajui maana ya dozi.

Jioni akifunga duka, hiyo maana ya dozi nayo aliifungia humo humo.

Sebuleni kwake, mahali palipokuwa na kochi kubwa, palisimama tangi la kioo, refu kama jeneza la mfalme. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, taa za bluu, samaki wa milia, na matumbawe hai yaliyopungapunga kama vidole vya mtu anayeaga. Wasiojua waliyaita mawe. Ole wao!

"Mawe?" Dokta Tone angeuliza, sauti imepanda ghorofa mbili. "Hawa ni wanyama, bwana! Wanakula, wanapumzika, wanazaa. Wana akili kuliko baadhi ya watu humu ndani."

Hapo alimtupia jicho shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme aliyekuja kukaa nao kwa muda mfupi, na ule muda mfupi ukawa unarefuka. Kwa kuwa kochi halikuwepo tena, shemeji alijinyoosha kwenye zulia, mbele ya tangi, kama mtu aliyepwelewa ufukweni.

"Shemeji, mimi sijasema kitu," alijitetea.

"Lakini umewaza!"

Sasa, matumbawe hayaishi kwa maji na chumvi tupu. Yanataka pia madini ya kiduchu: iodini, chuma, manganizi, strontiamu na ndugu zao wengine ambao bahari inayo kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho ukikitafuta kwa macho utastaafu hujakipata. Madini hayo huuzwa katika vichupa, na mwenye tangi huyaweka tone kwa tone, baada ya kupima maji kuona kipi kimepungua. Jina la Dokta Tone lilitoka hapo kwenye tone.

Ile sehemu ya kupima yeye aliiruka.

"Umepima leo?" mkewe alimuuliza siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliuliza maswali kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari.

"Nipime nini, mama watoto? Mimi ndiye kipimo!" Dokta Tone aliinama, akafumba jicho moja, akalitazama tumbawe la kijani kama fundi saa. "Unaona huyu alivyojikunyata? Huyu anadai manganizi."

"Labda anaogopa sura yako."

"Na huyu wa njano anadai iodini."

Akadondosha tone. Akatafakari. Akaongeza la pili, lisije likawa pweke. Mwisho akakibana kichupa kama anakamua chunusi.

Haya yote yangebaki mambo ya ndani ya nyumba kama si chama. Mjini kulikuwa na Chama cha Wafuga Matumbawe, chenye wanachama wachache, nusu yao wakiwa hawana matangi bali wana maoni. Mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja aliyestaafu uhakimu. Mahakama aliiacha, lakini uhakimu haukumwacha; hata akiomba chumvi mezani ungedhani anatoa amri ya kukamata mali. Wote walimwita Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa na tumbawe la zambarau ambalo halikuwa na mfano. Miaka yote hakumpa mtu kipande. Ila Dokta Tone alimsifia, akamzungukia, akamwambia kwamba rangi ile ikiingia kwenye mikono ya mtaalamu wa madini itawaka kama taa ya ambulensi, mpaka mama wa watu akalegea. Akakata kipande kidogo kama ukucha, akakitia kwenye mfuko wa maji.

"Ninakukabidhi," alisema. "Kikao cha mwisho wa mwaka tutakifanyia kwako, nije nikione. Kikiwa hai, utakuwa Mfugaji Bora. Kikifa, usije kuniambia samahani. Hama mji."

Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka.

Kipande kilipofika kwa Dokta Tone kilikuwa zambarau ya kutisha. Baada ya muda kikawa zambarau ya kufuliwa. Halafu kikaanza kuelekea rangi ya chai ya maziwa.

Mtu mwingine angesimama ajiulize amekosea wapi. Dokta Tone alijiuliza amebakisha wapi!

"Ana njaa ya chuma!" alitangaza Jumamosi moja asubuhi. "Ukosefu wa damu, hakuna kingine!"

"Shemeji, jiwe lina damu?" aliuliza shemeji kutoka zuliani.

"Nyamaza wewe!"

Matone aliyaona ni mchezo wa watoto. Alipima chuma kwa kifuniko, kifuniko kimejaa. Akafuatisha manganizi. Akafuatisha iodini. Kisha akamwagia kichupa kingine cha vitamini kilichokuwa na picha ya tumbawe linalotabasamu, akapangusa mikono, akaenda kuoga huku akipiga mluzi.

Chini ya tangi, ndani ya kabati, kulikuwa na mashine ya povu, ile inayochuja uchafu kwa kutengeneza mapovu na kuyakusanya kwenye kikombe. Siku zote ilifanya kazi kwa adabu. Siku hiyo ilionja ule mchanganyiko, ikapandwa na mashetani! Povu likajaa kikombe, likakiruka, likafungua mlango wa kabati lenyewe, likatoka kutembea. Likapita zuliani. Likamkuta shemeji amesinzia, likampanda miguuni, likamfikia kidevuni kama kinyozi.

"Jamani!" shemeji alizinduka. "Nani ananiogesha bila ruhusa?"

Mkewe Dokta Tone alitoka jikoni mbio, akateleza, akavuka sebule nzima kwa mguu mmoja, akajishikiza kwenye pazia. Pazia likamfuata. Dokta Tone naye akatokea na taulo kiunoni, sabuni kichwani, akakanyaga povu, akakaa kitako zuliani kama vile kochi bado lipo.

Walifagia povu mpaka mchana. Zulia likaanikwa likiwa linanuka kama soko la samaki siku umeme umekatika. Na lile tangi, kwa shibe ile ya chuma, likaota mwani. Kioo kikawa kijani, mchanga ukawa kijani, samaki wakawa wanachungulia kama wezi kwenye shamba la mahindi.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, na ule utaratibu ndio uliotisha. "Nachagua maneno. Hiki kitu kinanuka."

"Ni hatua ya mpito! Wanazoea dawa."

Katika hali hiyo ndipo kazini wakamteua kwenda kozi ya ufamasia katika mji mwingine, kozi ya miezi kadhaa. Dokta Tone nusura akatae. Aliondoka ameshika moyo, akiwa ameagiza seti nzima ya vichupa vipya, maana vya kwanza alivimaliza, na kumwachia mkewe maelekezo kwa ujumbe wa sauti, mrefu kuliko hotuba ya bajeti. Mkewe aliusikiliza mpaka pale mumewe alipokohoa kusafisha koo, kabla ya kuanza.

Kutoka kule kozini alipiga simu kila jioni.

"Mama watoto, wagonjwa wangu wanaendeleaje?"

"Wanaendelea."

"Kile cha Mheshimiwa?"

"Kipo."

"Rangi?"

"Inarudi."

"Inarudi!" Dokta Tone aliruka kitandani, wenzake wa kozi wakadhani ameongezwa mshahara. "Si nilikwambia? Ule mchanganyiko ulihitaji subira tu! Endelea hivyo hivyo, usipunguze hata tone!"

"Sipunguzi," alisema mkewe, na hakudanganya.

Siku aliporudi, aliacha begi mlangoni asimsalimie mtu. Maji yalikuwa maangavu mpaka akagonga paji la uso kwenye kioo akidhani hakipo. Matumbawe yamefunguka kama maua. Samaki wanang'aa. Na pale katikati, kipande cha Mheshimiwa kimenenepa, kimechipua vidole, zambarau mpaka macho yanauma!

Dokta Tone alitokwa na machozi.

"Mimi ni mtu hatari sana," alinong'ona.

Mkewe alifungua mdomo amwambie kitu. Lakini mwenzake alikuwa tayari kwenye simu, anamwita Mheshimiwa, anawaita wanachama wote, hata wale wenye maoni tu. Mkewe akarudi jikoni.

Kesho yake, siku ya kikao, Dokta Tone alivaa koti jeupe la dukani. Wageni wakakaa kwenye viti vya kuazima. Mheshimiwa akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akavaa miwani, akatazama, akatazama tena.

"Kimenizidi mimi niliyekupa... yaani, kimelizidi tumbawe mama," alisema, na haikuwa kawaida yake kukosea sentensi. "Eleza umefanyaje."

Hapo ndipo alipotaka! Dokta Tone akapanda juu ya stuli. Wenzangu, siku hiyo yule bwana alishusha madini, madini ya maneno na madini ya vichupa. Akaeleza jinsi iodini inavyozungumza na tumbawe. Akaeleza kwamba strontiamu ina hasira ukiichelewesha. Akawaambia ana jicho ambalo maabara za dunia zinalitafuta. Wanachama wakaandika mpaka kalamu zikapata moto.

"Na hii hapa," alimalizia, akichomoa kichupa kabatini na kukiinua kama kombe la ubingwa, "ndiyo siri! Kila siku, bila kukosa!"

Mheshimiwa alinyoosha mkono. "Lete nione."

Akakigeuza. Akakitikisa. Akashusha miwani.

"Kila siku, umesema?"

"Kila siku, Mheshimiwa."

"Mbona lakiri ya kiwandani haijavunjwa?"

Kalamu zote zikasimama. Hata mashine ya povu ilipunguza mdomo.

"Hicho... hicho ni cha akiba," alisema Dokta Tone.

Mheshimiwa akafungua kabati mwenyewe. Akatoa cha pili: lakiri. Cha tatu: lakiri. Kimoja tu, cha iodini, kilikuwa kimefunguliwa.

"Aha! Iodini!" Dokta Tone alidaka kama mtu anayezama aliyeona ubao. "Mnaona? Iodini ilitumika!"

"Hiyo nilitumia mimi, shemeji," sauti ilitoka nyuma. Shemeji alivua kiatu, akainua mguu mbele ya kikao. "Nilijikata kidole. Nikaona iodini, nikajipaka. Kimepona vizuri kweli, angalieni."

Wanachama wakainamia kidole. Mmoja wa wale wenye maoni akasema kwamba rangi yake ni nzuri.

Dokta Tone akamgeukia mkewe. "Mama watoto! Si uliniambia hupunguzi hata tone?"

"Ningepunguzaje kitu ambacho sikukiweka?"

Mheshimiwa akavuta kiti, akakaa mbele ya mama mwenye nyumba. Uso ulikuwa wa mahakamani, ila sauti ilikuwa ya mwanafunzi.

"Mama, tuambie ukweli. Ulifanya nini?"

"Mimi? Nilibadilisha maji tu," alijibu mwalimu, aibu imemjaa. "Kila mwisho wa wiki mimi na mdogo wangu tulitoa ndoo kadhaa za maji machafu, tukaweka mapya ya ile chumvi ya kwenye gunia. Kumbe ile chumvi inakuja na madini yake yote humo humo, kiasi kinachotosha. Hilo lenyewe nimelijua juzi. Mimi sina utaalamu wowote. Nilikuwa naondoa harufu sebuleni."

"Kuondoa... harufu," wanachama walirudia polepole, wakiandika.

Basi yule bwana aliyepanda stuli kushusha madini akabaki huko juu, ameshushuliwa mchana kweupe, hajui ashuke kwa mguu gani.

Hukumu haikuchelewa. Mheshimiwa alisimama, akatangaza kwamba Mfugaji Bora wa mwaka ni mama mwenye nyumba, na kwamba yeye binafsi amemletea mshindi zawadi ambayo hajawahi kumpa mtu yeyote: kipande cha tumbawe lake jekundu, la mwisho alilonalo. Akakitoa mkobani, kinaelea kwenye mfuko wa maji.

Watu wakapiga makofi. Dokta Tone, kwa mazoea, akaruka kutoka kwenye stuli, akavuta koti likae sawa, akakunjua mikono yote miwili kukipokea.

Mheshimiwa akamkwepa kama nguzo ya umeme, akakiweka kipande mikononi mwa mkewe, kisha akageuka akalitazama lile koti jeupe kuanzia kola mpaka vifungo.

"Wewe kijana," akamwambia mzee mzima mwenye mvi, "tuletee ndoo."