Pumba za Msemaji

Jumatatu, 3 Novemba
Sukari imepanda tena. Daktari Sheetal wa kliniki ya mjini Thika amenieleza kwa upole wa kuudhi: chakula chenye nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, basi insulini hufanya kazi bila kukimbizwa. Nile githeri ya mahindi na maharagwe, sukuma wiki, na tunda zima badala ya juisi. Niache mandazi. Mandazi!

Njambi, mke wangu, akaongezea sumu yake. Jumamosi tunapeleka mahari ya mpwa wetu Mwas kule Ruiru. Sukari isiposhuka, msemaji wa upande wetu atakuwa shemeji yangu Kaloki, kaka yake Njambi, kwa sababu mwaka jana Baba Bridget, yaani mimi, alisinzia katikati ya hotuba akiwa amesimama, sukari ikiwa juu. Kaloki! Mtu anayesoma hata salamu kwenye simu! Afadhali nife.

Jumanne, 4 Novemba
Nimewaza. Nyuzinyuzi zikitangulia tumboni, sukari itakwama nyuma. Kwa hiyo tatizo si mandazi, tatizo ni foleni. Na nyuzinyuzi tupu ziko wapi? Kwenye pumba! Nikaenda posho mill, kinu cha kusaga mahindi, hapa mtaani Makongeni. Mwenye mashine akauliza kuku wangu ni wa mayai au wa nyama. Nikaona haya, nikasema wa mayai. Akanishauri nichanganye na chokaa, maganda yasiwe laini. Nikamshukuru.

Pumba kavu kwanza, kisha mandazi ya moto. Raha!

Jumatano, 5 Novemba
Tumbo limefungwa kama benki Jumapili. Njambi ameukuta mfuko wa pumba chini ya kitanda. Nikasema nataka kufuga kuku. Akafurahi, akanikumbatia! Sikumbuki mara ya mwisho. Kisha akampigia Kaloki simu.

Alhamisi, 6 Novemba
Kaloki ameleta kuku wa nyama. Wamemaliza pumba zangu zote na bado wananitazama. Nimebaki na githeri ya Njambi, maharagwe tele, sukuma juu. Nimekula kwa hasira. Nimeshiba hadi hamu ya mandazi imepotea. Nadhani naumwa.

Jumamosi, 8 Novemba, asubuhi
Sukari imeshuka! Pumba hoyee! Njambi anadai ni githeri. Ana wivu na sayansi. Msemaji ni mimi! Nimepitia posho mill, pumba mpya ziko mfukoni.

Jumamosi, jioni
Aibu. Kwa wakwe tulilishwa kabla ya mazungumzo, kama ilivyo desturi. Nikabwia pumba kwa siri, halafu wali, chapati, soda, keki, soda tena. Nilipoanza kuhutubia, usingizi ukanivamia. Nilipaswa kusema tumeona ua zuri katika boma hili. Nikasema tumeona pumba nzuri. Shangazi wa binti akauliza kama mtoto wao ni chakula cha kuku. Mwas alikuwa karibu kulia. Kaloki akainuka na simu yake, akasoma kila kitu, wakapiga vigelegele, na Mwas akapewa mke. Mimi nikapewa kiti cha nyuma, karibu na masufuria. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Novemba
Njambi haongei nami. Anaongea na kuku. Nimetafakari kwa unyenyekevu na kosa langu nimeliona. Nilimdanganya yule mtu wa posho mill! Kesho narudi kumwambia ukweli: ni wa nyama, si wa mayai.