Habari za Ndizi za Moto Nyumbani kwa Mzee Protase

Njooni, enyi watu wa Karagwe na Kyerwa, mlioshiba na mnaongoja kushiba! Tueni majembe, zimeni redio, niwasimulie vita alivyopigana Mzee Protase wa Ihembe, simba wa sala, jemadari wa magoti, mzee wa kanisa ambaye sala yake ya chakula ilikuwa ndefu kuliko chakula chenyewe.

Kwa sala hiyo alivuma. Akishafumba macho alianzia kuumbwa kwa nuru, akashuka kwa manabii mmoja mmoja, akawazuru wajane, wasafiri na viongozi wa serikali. Na alipozifikia ndizi, ndizi zilikuwa zimekwisha kupoa. Maneno yalimtoka yenyewe, miaka nenda miaka rudi, naye, tuseme kweli, katikati ya manabii alikuwa akijiuliza iwapo mbuzi wake amefungwa.

Ikawa Jumamosi moja Mchungaji Rweyemamu akaja kula kwake, akitafuta mtu wa kuomba kwenye Sikukuu ya Mavuno. Heshima hiyo Protase aliitamani hadi usingizi ukamhama, kwani mwaka uliopita ilichukuliwa na jirani yake Mutabazi, na Mutabazi hajaacha kuisimulia.

"Mama Jovitha," akamnong'oneza mkewe Kokuhirwa, mithili ya mfalme apangaye majeshi, "leo nitaomba kama sijawahi kuomba!"

"Mungu wangu, Baba Jovitha," akasema Kokuhirwa. "Basi tutakula kesho?"

Chungu kikaepuliwa. Ndizi na maharage vikapakuliwa juu ya majani ya mgomba, vikafunikwa kwa majani mengine, na katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kuyafunua kabla ya Amina. Shujaa akapiga magoti, akafumba macho, akanguruma: "Ewe uliyezitandika mbingu, uliyeiwekea bahari mipaka..."

Tumbo la Mchungaji likajibu. Protase hakutetereka; akaivuka Bahari ya Shamu, akaanza kuupanda Sinai. Hapo Kokuhirwa, malkia wa subira, ambaye subira yenyewe ilikuwa imemwisha, akanyoosha mkono na kuyafunua majani.

Mvuke ukapaa, ukampiga jemadari usoni. Akafumbua macho, tayari kukemea, na kemeo likamfia mdomoni. Tangu awe mzee wa kanisa hakuwa ameuona mvuke juu ya chakula chake! Ndizi ziling'aa kwa unjano, maharage yamepasuka, harufu ya majani yaliyoiva imejaa chumba kizima. Akautafuta Sinai, asiuone. Akawatafuta wajane na wasafiri. Wote walikuwa wametoroka. Akaogopa sana, maana heshima ya Mavuno ilikuwa ikimponyoka mbele ya Mchungaji, lakini macho yakagoma kubanduka kwenye zile ndizi, na furaha asiyoijua ikamjaa.

"Ee Bwana," akasema hatimaye, "za moto! Na umetupa sisi! Amina."

"Amina!" akapaza sauti Mchungaji, mkono umeshatangulia kwenye ndizi. "Mzee Protase, Jumapili ya Mavuno utaomba wewe. Na uombe hivyo hivyo."

Protase hakusikia, alikuwa amekwisha kujaza mdomo. Akaruka, akapuliza, machozi yakamlengalenga, na Kokuhirwa akacheka huku akimsogezea maji.

Andikeni basi, enyi waandishi wa historia, vizazi visome: siku hiyo, pale Ihembe, mzee wa kanisa alimshukuru Mungu hata akaungua ulimi.