Kiti Chenye Sweta

Jumatano, tarehe 3
Nimejiunga na kamati ya chuo ya kupinga upakuaji wa wizi. Mimi! Katika kompyuta yangu kitu cha halali ni chaja tu. Profesa, ninayeishi naye chumba kimoja (jina hilo alilipata kwa kurudia mwaka wa kwanza), alicheka mpaka akashika ukuta. Acheke. Hajui kwamba katibu wa kamati ni Bi Haki. Au anajua, ndiyo maana anacheka.

Bi Haki anasomea utengenezaji wa filamu. Nampenda tangu siku alipoazima kalamu yangu maktabani akairudisha. Watu wa siku hizi hawarudishi kalamu.

Ijumaa, tarehe 5
Kikao cha kwanza. Bi Haki alitueleza kuhusu kaka yake, fundi wa sauti, aliyelala nje siku nyingi akitafuta sauti ya mvua kwa ajili ya filamu moja. Inaanza kuonyeshwa kesho jioni, ukumbi wa sinema ulio karibu na chuo. Alisema nakala za wizi zikisambaa, mwenye filamu hatatengeneza nyingine, na kaka yake atarudi kukaa bure nyumbani.  Nilitikisa kichwa kwa uchungu huku nimeficha simu. Ilikuwa inapakua tamthilia.

Tukitoka, aliniambia nije kesho, nisichelewe. Moyo nusura unitoke. Nikageuka, nikamkuta Mrefu, mweka hazina wetu, amesimama nyuma yangu. Kumbe alikuwa anaiambia kamati nzima.

Jumamosi, tarehe 6
Sikwenda. Nimepanga mambo kiutu uzima. Ningekwenda ningekaa nyuma kabisa, nikitazama kisogo cha Mrefu. Badala yake nitatafuta nakala, nitaikariri, na Jumatatu nitaichambua filamu kuliko wote. Msanii hutekwa kwa maneno. Profesa ameniuliza kama nina homa.

Jumapili, tarehe 7
Nakala imepatikana. Mtu ameirekodi kwa simu, humo humo ukumbini, jana. Picha imelala upande kidogo. Chini vinaonekana visogo vya watazamaji, na kimoja nakijua: cha Bi Haki. Kitambaa kile cha njano kichwani hakuna mwingine anayekifunga vile.

Filamu inahusu nini, sijui; nimesikia tu wapenzi wakiagana kwenye mvua. Nimemtazama yeye tu. Kiti cha pembeni yake amekiwekea sweta. Anakuja mtu, anamkatalia kwa mkono. Anakuja mwingine, anakataliwa pia. Kila mara anageuka kuangalia mlango, na akigeuka naiona robo ya uso wake.

Anamngoja mtu. Nani huyo? Nimemchukia kwa moyo wote. Unawekewa kiti na Bi Haki, halafu hutokei? Hatimaye akaliondoa sweta, Mrefu akakaa. Roho iliniuma, lakini yule mjinga naye kakosa. Afadhali.

Jumatatu, tarehe 8
Balaa. Nilimkuta Bi Haki akibandika mabango ya kamati, nikammwagia sifa. Nilimwambia kaka yake ni fundi kweli, hasa pale wapenzi wanapoagana, mvua inanyesha, na kwa mbali mzee anakohoa. Nilisema kikohozi kile kilinitoa machozi.

Aliacha kubandika. Kisha akasema katika filamu hiyo hakuna mzee anayekohoa. Aliyekohoa alikuwa ameketi nyuma yake ukumbini. Akaniuliza, polepole, nimemsikiaje na sikuwepo.

 Akasema aliniwekea kiti, akagombana na watu kwa ajili yangu, mpaka akaona aibu. Akarudi kwenye mabango yake.

Yule mjinga ni mimi.

Alhamisi, tarehe 11
Chakula hakishuki. Naitazama nakala. Nimepakua programu ya kukuza picha ili nimwone vizuri. Haijalipiwa, kwa hiyo imebandika onyo jekundu katikati ya uso wake. Sijawahi kungojwa hivi na mtu yeyote. Hata mama, nikichelewa, hufunga komeo akalala.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwambia nimefuta kila kitu. (Nimehamishia kwenye simu ya Profesa.)  Akasema Jumamosi ni onyesho la mwisho, kaka yake atakuwepo, na sweta ataliweka kwa mara hii moja tu.

Jumamosi, tarehe 13
Nilioga mara mbili. Profesa alinipigia shati pasi, wala hakucheka. Nilinunua tiketi, ya halali kabisa. Nikafika mapema, nikachungulia kwenye pazia la mlangoni. Sweta lilikuwa kitini. Bi Haki akageuka kuangalia mlango. Mimi! Ananingoja mimi! Nikarudi nyuma haraka asinione.

Maana niliona jambo: nikiingia tu, hatageuka tena. Ataangalia filamu kama watu wengine. Na uso ule wa kungoja, nitauona wapi?

Nje kulikuwa na jamaa amenuna, amekuta tiketi zimekwisha. Mkononi simu kubwa yenye kishikio. Nikamjua papo hapo: ndiye aliyerekodi ile nakala. Nimempa tiketi yangu. Nimemwomba akae upande wa kulia, karibu na mbele, anase uso mzima wa mwenye kitambaa cha njano.

Sasa niko chumbani. Filamu imeshaanza. Profesa anauliza kulikoni, nimemwambia asitumie mtandao mpaka kesho, nakala mpya ishuke kwanza.