Tungalag na Mkate wa Saba

Sogezeni magoti karibu na jiko, enyi mlioketi penye joto, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, maana habari hii si ya kukatizwa. Si habari ya wafalme; wafalme walipita Gobi na walichoacha ni mifupa ya farasi. Ni habari ya Tungalag, mke wa mchunga ngamia, mama wa watoto watatu, mvunja barafu ya kisimani, bibi wa pikipiki nyekundu, aliyeondoka peke yake mkesha wa Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa watu wa Gobi, katika baridi inayogandisha mate kabla hayajafika chini, akalikata jangwa kwenda na kurudi kwa sababu ya mkate. Ewe upepo wa kaskazini uliyeyaona yote, nikumbushe nitakaposahau, wala usinitilie chumvi. Niliyo nayo yanitosha.

Chanzo cha vita kilikuwa beberu.

Asubuhi hiyo Tungalag alikuwa ametoa sinia nje ya hema ipoe, na juu ya sinia ilikuwapo mikate saba ya wayo, mirefu kama soli za viatu, migumu kama soli za viatu, iliyogongwa nakshi kwa kibao cha mti. Beberu akaja kwa mwendo wa jemadari mshindi, ndevu zikipepea, akauchagua mmoja na kuutafuna hadi nakshi ya mwisho, mchana kweupe, mbele ya mbwa wawili waliokuwa na zamu.

Mkate mmoja ni kitu gani, atauliza mjinga. Lakini mikate hiyo hupangwa mnara wa kukaribishia mwaka: maarusi hupanga tabaka tatu, watu wazima tano, wazee saba. Tabaka la chini ni furaha, la pili ni huzuni, linalofuata ni furaha tena, hivyo hivyo mpaka kileleni, na kileleni lazima ikae furaha. Mama mkwe wake, Dulmaa, akahesabu akapata sita. Mwaka mzima ungebeba huzuni utosini.

Unga ulikuwa umekwisha, na mwenye duka alikwisha funga akaenda kwa jamaa zake. Tungalag, mwanamke wa njia fupi, akashauri waondoe mmoja zaidi zibaki tabaka tano. Dulmaa akaweka chini bakuli la chai, akanena kama anenavyo mwenye ngome.

"Tano? Tano ni za watu ambao bado wana meno. Mimi nimezika mume, nimelea watoto na mbuzi wa watu, baridi zimenipiga hadi zimechoka. Wageni wakiingia kesho wakakuta tano, watasema Dulmaa amerudia usichana, tumtafutie mchumba. Nani aliacha sinia nje, mwanangu?"

Tungalag akakiri kuwa ni yeye.

"Basi wewe na rafiki yako mwenye ndevu mtajua la kufanya."

La kufanya lilikuwa moja tu, na wote wawili walilijua, ndiyo maana hakuna aliyetaka kulisema. Kibao kingine chenye nakshi kama ile kilikuwa kimoja tu jangwani, kilichochongwa na baba yake Dulmaa kutoka gogo lile lile, na kilikuwa kwa Yanjmaa, dada mkubwa wa Dulmaa. Miaka minne nyuma Yanjmaa alionja mkate wa mdogo wake na kusema hauna mafuta ya kutosha. Tangu siku hiyo Dulmaa hakwenda kumwamkia dada yake mwaka mpya, jambo ambalo hata ngamia walilionea aibu.

Dulmaa akachochea moto. "Nenda," akasema. "Lakini mkate uombe kama wako. Ukitaja jina langu, lala huko huko."

Hapo shujaa akajitwalia silaha. Akavaa joho la ngozi ya kondoo, akajifunga mshipi mara tatu, akatia kichwani kofia ya mbweha, akayafunga magoti kwa vipande vya sufu nzito kama farasi wa vita. Karai la makaa ya samadi akaliweka chini ya injini, akaiotesha moto kama mtu amwoteshavyo mzee mwenye baridi yabisi. Akapiga kiki, pikipiki ikakohoa. Akapiga tena, ikamtukana. Akapiga mara nyingine huku akiitajia pikipiki asili ya wazazi wake, nayo ikanguruma, na beberu, aliyekuwa akiangalia kwa mbali, akajificha nyuma ya kuni.

Ni nani atakayeusimulia mwendo ule? Kokoto zilimrukia kama mishale. Mito iliyoganda ikamtandikia vioo chini ya magurudumu, naye akavipita miguu imening'inia pande zote mbili, mithili ya korongo anayetua. Machozi yakaganda kwenye kope, akawa anaona dunia kupitia tundu la sindano. Hakuna aliyemwona ila tai mmoja, naye hakuonyesha kuvutiwa.

Kwa Yanjmaa alipokewa na mbwa, kisha chai ya chumvi, kisha kichupa cha ugoro, maana haja haisemwi mdomo ukiwa mkavu. Bibi kizee akamwacha amalize bakuli.

"Naona pikipiki, simwoni mume wako. Nakuona wewe, simwoni mdogo wangu. Haya, sema."

Tungalag akasema anahitaji mkate mmoja wa wayo. Ni wa mnara wake mwenyewe, akaongeza.

"Wako. Na mnara wako una tabaka ngapi, wewe unayeishi hema moja na mama mkwe?"

Ushujaa una mipaka yake. Tungalag akaeleza kuhusu beberu.

Yanjmaa akacheka mpaka akajipangusa macho kwa mkono wa joho. "Beberu ana moyo. Mimi sikumaliza hata kipande." "Miaka minne hajaja kunishika viwiko, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake mwaka mpya. Nami kila mwaka naweka mto wake wa kukalia pale, naambia watu ni wa paka. Sina paka."

Akauendea mnara wake, akatoa mkate wa juu. Zikabaki tabaka sita. Akazitazama sita zile jinsi mtu amtazamavyo nyoka kitandani, akatoa na wa pili.

"Sitapokea mwaka na huzuni kichwani kwa ajili ya mbuzi. Chukua yote miwili."

"Lakini mama mkubwa, utabaki na tano. Watu wataona."

"Waone. Jua linashuka, ondoka."

Tungalag akaitia mikate kifuani, chini ya joho. Lakini jangwa halikubali mtu apite mara mbili bure. Katikati ya njia pikipiki ikakata pumzi, kabureta imeganda. Akaiegesha, stendi ikazama kwenye mchanga, pikipiki ikalala. Akaiinua, ikalala tena. Mikono miwili ya kuishikilia, mkono wa kuimiminia kabureta chai ya moto ya kwenye chupa ya safari haupo. Jiwe bapa hakuna, na jua limeshika ukingo wa dunia likijiandaa kuachia.

Akakumbuka kifuani ana vitu viwili bapa, vigumu, na kwamba anahitaji kimoja.

Enyi wahunzi, jivunieni vyuma vyenu. Mkate ule uliingia chini ya stendi ukabeba pikipiki nzima. Chai ikamiminwa, moshi ukapanda, kiki ikapigwa, injini ikaitika. Mkate ukawa vipande viwili. Kukitupa chakula ni dhambi, kwa hiyo Tungalag akafuta mchanga, akatafuna akiwa juu ya kiti. Ulikuwa na mafuta. Ulikuwa mtamu kuliko wa nyumbani, na siri hiyo akaimeza pamoja na makombo.

Alifika wekundu wa jua ukiwa umebaki kwenye ncha za nyasi tu. Dulmaa akaupokea mkate, akauweka kileleni kwa mikono miwili. Saba. Furaha juu. Watoto wakashangilia, mbwa wakabweka.

Bibi kizee hakukaa. Akaupitisha kidole gumba kwenye nakshi ya baba yake.

"Yeye amebaki na ngapi?"

Tungalag akafikiria uongo kadhaa, wote ukawa mwembamba. "Tano, mama."

Dulmaa akanyoosha mkono, akautoa mkate wa dada yake, akauweka kando. Akachukua miwili yake, akaifunga kwenye kitambaa cha bluu. Kisha akaurudisha ule wa dada yake juu kabisa. Zikawa tano.

"Mkubwa hawezi kukaa na tano mdogo akiwa na saba," akasema. "Kesho alfajiri unanipeleka nikamshike viwiko. Nami nitashikilia mikate, wewe una mkono mzito. Na huyo beberu afungwe."

Ndivyo Tungalag, aliyelivuka jangwa kutafuta saba, alivyoshinda kwa tano. Naye akatoka nje kimyakimya kuifunika pikipiki blanketi, akakagua kiti cha nyuma, akakifunga mto. Wanahistoria na waandike. Wasipoandika, beberu alishuhudia, akiwa kwenye kamba.